Njia ya Umoja, kwa jina lingine Kwa Mganga: kisa cha jina la njia moja Mwanza

Barua ya utambulisho ilikuwa imekamilika: picha ya mwombaji, muhuri wa ofisi ya mtaa, sahihi ya mtendaji, na anwani iliyoandikwa vizuri, nyumba namba 17, Njia ya Umoja. Mwenye barua ni mama mmoja fundi cherehani wa mlimani kwetu, aliyekuwa anaomba mkopo ili aongeze mashine mbili na msaidizi. Siku ya uhakiki afisa wa mkopo akashuka kwenye daladala, akawauliza bodaboda wa kijiwe cha hapo barabarani Njia ya Umoja iko wapi. Vijana wakatazamana. Mmoja akasema Umoja anayoijua yeye iko kata ya jirani, akampakia, akampeleka. Huko namba 17 ilikuwa banda la mkaa. Afisa akaandika kwenye fomu kwamba makazi ya mwombaji hayakuthibitika, akaondoka zake. Njia ya Umoja aliyokuwa anaitafuta inaanzia nyuma ya kijiwe kilekile alichouliza, unafika hata hujamaliza kutafuna muwa.

Mtaani kisa hiki kimezungumzwa sana, na lawama zimegawanywa kwa wepesi. Wapo wanaosema bodaboda hawajui kazi yao, wapo wanaosema afisa alikuwa na haraka ya kurudi ofisini. Mimi naona mzizi wake uko kwenye kikao cha mwaka 2022 cha kuipa njia hii jina, ambacho niliombwa niandike muhtasari, na nakala yake bado ninayo. Kata sitaitaja. Wahusika ni majirani zangu, na wengine hadi leo wanasalimiana kwa shingo upande.

Njia yenyewe iko kwenye kimojawapo cha vilima vya Nyamagana, vile ambavyo mtu akivitazama kutoka kwenye meli anadhani nyumba zimebandikwa juu ya mawe. Inachomoka kwenye lami pembeni ya jengo lililokuwa na mashine ya kusaga. Mwanzoni gari dogo linapita. Mbele kidogo inabanwa na majabali mawili, pikipiki inapita hapo kwa kusukumwa, halafu inageuka ngazi: nyingine zimechongwa kwenye mwamba, nyingine ni viroba vilivyojazwa mchanga na saruji wakati wa mvua kubwa, vikagandia hapohapo. Katikati ya mlima kuna bomba la maji la jumuiya. Juu kabisa pana uwanja mdogo, mti wa mkuyu, na nyumba mbili kongwe za tofali za udongo.

Kabla ya 2022 njia hii haikuwa kwenye karatasi yoyote, ila mdomoni ilikuwa na majina manne. Bodaboda waliiita Kwa Mashine, kwa sababu safari yao inaishia hapo. Abiria akishalipa, ya huko juu hayawahusu. Kina mama waliiita Bombani. Wanafunzi waliiita Mawe Mawili, maana asubuhi wanangojeana hapo kabla ya kushuka shuleni. Lakini mtu mzima yeyote, awe mzaliwa au mhamiaji, akitaka kumwelekeza mgeni wa mbali alikuwa anasema Kwa Mganga.

Mganga mwenyewe alishafariki siku nyingi. Alikuwa mzee wa Kisukuma aliyepanda kujenga juu ya mlima wakati huko kuna vichaka na pimbi tu, na wagonjwa walikuwa wanamfuata kwa miguu kutoka bandarini na stesheni. Njia tuliyonayo ni nyayo za wagonjwa wake. Hakuna mpimaji aliyeichora. Watu walipita palipokuwa na nafuu ya kupita, mgonjwa akapumzika kwenye jabali, aliyembeba akapumzika naye, na nyumba zilipokuja zikajipanga kufuata mkondo uleule. Ndiyo maana ina kona ambazo hazina maana yoyote mpaka uambiwe kwamba zamani pale palikuwa na jiwe la kukalia. Kuita mahali kwa jina la mwenyeji wake wala si jambo geni Usukumani. Mwamashimba na Mwamanyili ni majina ya mtindo huohuo wa kwa fulani, na hakuna aliyewahi kuitisha kikao kuyapitisha.

Februari 8, 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Operesheni ya Anwani za Makazi. Wazo lilikuwepo tangu zamani, kwenye Sera ya Taifa ya Posta ya mwaka 2003, na kwa miaka karibu ishirini lilikuwa likisogea kwa majaribio ya hapa na pale. Safari hii lilikuja kioperesheni. Kazi ilitakiwa iishe Mei, kwa sababu Agosti 23 ilikuwa siku ya sensa na makarani wa sensa walihitaji kujua nyumba ziko wapi. Utaratibu wenyewe hauna ubaya: wakazi wanapendekeza jina, linapanda Kamati ya Maendeleo ya Kata, linafika halmashauri. Halafu karani anapita na simu, anaingiza njia na majengo kwenye NaPA, mfumo wa kompyuta wa anwani za makazi, upande mmoja wa njia unapewa namba witiri, upande wa pili shufwa. Bila jina la njia, nyumba haipati namba. Kwa hiyo siku ambayo karani ameshapangiwa mlima wenu, jina lazima lipatikane, liwe zuri au liwe la kuokoteza.

Kikao chetu kilifanyika Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa, ambayo iko chini, barabarani. Kwenye orodha ya mahudhurio yangu ninaona wazi waliokuwepo na wasiokuwepo. Walikuwepo wenye nyumba za chini, karibu wote, na wazee wachache wa juu waliojikaza kushuka. Kina mama wa katikati ya mlima hawakuja, maana siku hiyo maji yalikuwa yametoka, na kwetu maji yakitoka hakuna ajenda nyingine. Wapangaji waliona ni mambo ya wenye nyumba. Bodaboda walikuwa kazini, mita chache kutoka tulipokaa. Tulikuwa tunasikia wakiwaita abiria, na hakuna aliyefikiria kuwaita wao.

Mwenyekiti alifungua kwa kusema ajenda ni moja na fupi. Fupi haikuwa. Kijana mmoja mfanyabiashara akapendekeza jina la diwani. Mzee aliyekaa nyuma akauliza, "Na uchaguzi ujao akianguka, tutafuta kibao?" Watu wakacheka, pendekezo likafa hapohapo. Mwalimu mstaafu akapendekeza jina la mwalimu mkuu wa kwanza wa shule ya msingi ya bondeni, pendekezo la heshima kabisa, ila nusu ya waliokuwepo hawakusoma hapo.

Kisha akasimama mpwa wa mzee mmoja wa nyumba za chini. Akasema mjomba wake ndiye aliyekata ukuta wake ili gari lipate kupita, kwa hiyo haki ni njia ichukue jina lake. Mjomba alikuwa amekaa palepale, anatazama ardhi kama haongelewi yeye. Jirani yake akajibu bila kusimama: "Hakukata. Ulianguka na mvua, akaona aibu kuujenga tena mahali pale." Hapo kikao kilipoteza muda mrefu sana. Ukuta ulianguka mwaka gani, tofali zilienda wapi, nani alilipwa kubeba kifusi. Muhtasari wangu una ukurasa mzima wa ukuta ule, na bado naamini pande zote mbili zilikuwa na ukweli wao.

Aliyewatoa huko ni bibi mmoja wa juu. "Jina lipo siku zote," akasema. "Kwa Mganga. Mnatafuta nini kingine, ng'wanawane?"

Watu walinyamaza kidogo, halafu mzee wa kanisa akaomba nafasi. "Mama, shikamoo, na tunakuheshimu. Lakini mwanangu akienda kuomba kazi aandike anakaa Njia ya Mganga? Mwajiri atamfikiriaje?" Jirani yake Mwislamu, ambaye kwa kawaida hawakubaliani hata juu ya bei ya sementi, akamuunga mkono. Mjukuu wa mganga naye akainuka, sauti imempanda: "Kama mganga ni tusi, basi andikeni jina la babu. Alikuwa na jina lake na alilipa kodi yake." Mpwa wa mzee wa ukuta akadaka palepale: kama yanaruhusiwa majina ya watu, la mjomba lilitangulia.

Mtendaji, ambaye muda wote alikuwa anatazama simu, akasema: "Jamani, karani anakuja Jumatatu."

Mwenyekiti akasema: "Basi iitwe Umoja, tusigombane."

Makofi. Nimeandika kwenye muhtasari kwamba wajumbe walikubaliana kwa kauli moja, na ndivyo ilivyokuwa. Kuanzia jina kutajwa mpaka kupitishwa hapakuwa na hata mchangiaji mmoja.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowalaumu bodaboda. Umoja ilishinda kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuipinga, na hapakuwa na wa kuipinga kwa kuwa haikumgusa yeyote. Majina mengine yote yaliyotajwa siku ile yalikuwa na wenyewe: wajukuu, mpwa, wanafunzi wa zamani. Wenyewe hao ndio wangelitaja jina nyumbani, sokoni, kwenye simu, wangelitetea na kulitukana, na baada ya mwaka lingekuwa limeshakaa. Umoja lilitoka kwenye kikao likiwa yatima. Swali ambalo halikuulizwa ni jepesi mno: nani atalitamka jina hili, akimwambia nani, akitaka nini? Tulijadili nani anastahili heshima na nani ataona aibu, kana kwamba tunachonga jiwe la kaburi.

Nalisema hili nikijua kwamba mzee wa kanisa hakuwa mnafiki. Alikuwa na hoja ya kweli kuhusu karatasi. Ila miezi kadhaa baadaye alimfanyia binti yake sendoff, na kadi ikatufikia majirani. Chini, mahali pa maelekezo, ameandika: "Shukia Kwa Mashine, panda Kwa Mganga, uliza." Kwenye fomu ya kazi jina lina kazi moja, kwenye kadi ya sherehe lina nyingine, na mzee aliijua tofauti hiyo kuliko kikao kizima.

Kuna wanaojibu kwamba jina la kupangwa mezani haliwezi kushika hata siku moja. Si kweli, na mjini kwetu ushahidi upo. Tembea katikati ya Mwanza usome vibao: Lumumba, Nkrumah, Kenyatta, Balewa, Rwagasore. Ni kama orodha ya mahudhurio ya Afrika ya miaka ya uhuru. Patrice Lumumba aliuawa Januari 1961. Louis Rwagasore, mtoto wa mfalme wa Burundi, alikiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi Septemba 1961, akawa waziri mkuu, na Oktoba 13 akapigwa risasi akafa Usumbura, ambayo sasa ni Bujumbura, wiki chache tu kabla ya Tanganyika kupata uhuru Desemba 9. Abubakar Tafawa Balewa wa Nigeria aliuawa kwenye mapinduzi ya Januari 1966. Hawa wote hawakuwa na shangazi Mwanza. Majina yao yalikuja na siasa za wakati ule, yakashushwa kutoka juu, na kijana anayeuza vifaa vya simu Rwagasore leo ukimuuliza huyo alikuwa nani, usishangae akikujibu ni mtaa huu hapa.

Hata hivyo yameshika kabisa. Mjini viwanja vimepimwa, duka lina leseni, leseni ina anwani, risiti inachapwa, mwanasheria anaandika barua, mpangaji anasaini mkataba. Kila siku ya kazi jina la Rwagasore linapita mikononi mwa mamia ya watu ambao hawana habari na Burundi, na kupita huko ndiko kunakolifanya liwe jina. Barabara ya Pamba ilipata bahati mara mbili: ina karatasi, na ina kumbukumbu ya zao ambalo ndilo lililoulisha mji huu, enzi ambazo Paul Bomani na wenzake walikuwa wanaunganisha vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa kwenye shirikisho lao la mwaka 1955.

Makoroboi, hatua chache kutoka hapo, haikuhitaji lolote katika hayo. Mafundi walikaa wakikata makopo na kutengeneza koroboi, watu wakawa wanakwenda makoroboi, basi. Mabatini na Miti Mirefu hayahitaji hata kuelezwa. Majina haya yalibebwa na shughuli au na kitu kinachoonekana kwa macho, na yameendelea hata pale shughuli ilipobadilika. Yapo pia majina ambayo hayana haki yoyote ya kuwepo na bado yapo. Bismarck, kansela wa Ujerumani, jina lake liko kwenye jiwe letu maarufu kuliko yote. Waingereza waliuchukua mji huu mwaka 1916, wakaja wakaondoka nao, na jiwe halikubadilishwa jina, kwa sababu wapiga picha na wageni wamelipa kazi ya kudumu.

Kuna na majina yenye nusu kazi. Barabara ya Kenyatta inajulikana na wote, lakini msikilize konda aliyening'inia mlangoni: "Mkuyuni, Nyegezi, Buhongwa!" Kenyatta liko kwenye karatasi, mwisho wa safari uko mdomoni, na hakuna anayepotea. Daraja lililofunguliwa Juni 19, 2025, kilomita 3 juu ya maji, rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli. Abiria wengi wanaotoka Sengerema bado wanasema wamepita Busisi, jina la kivuko cha zamani cha hapo. Nadhani yataendelea kuishi pamoja hivyo mpaka kizazi kilichopanga foleni ya kivuko kipungue, na sioni hasara yoyote hapo.

Sasa urudi mlimani. Njia yetu haina duka la kuchapa risiti, haina wakili, haina hata mahali pa kuegesha gari. Shughuli zilizopo ni maji, shule, na kushuka barabarani, na shughuli hizo tatu tayari zilikuwa na majina yake. Umoja ilifika ikakuta nafasi zote zimekaliwa.

Namba za nyumba ziliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye kuta. Kibao kilisimikwa pale chini, kizuri tu, nguzo ya chuma na herufi za kusomeka. Lori la mchanga likaigonga nguzo, kibao kikageuka kikawa kinausomea ukuta. Baadaye hakikuwepo. Vyuma chakavu vina bei mjini, sihitaji kusema zaidi. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna aliyekwenda ofisini kuripoti kwamba kibao kimeibwa. Bomba likikatwa mpira, nusu saa haipiti mwenyekiti ameshapigiwa simu.

Huku kata ya jirani, nao wakiwa na karani wao mlangoni na ugomvi wao wenyewe, walikuwa wamechagua Umoja vilevile. Kwenye mfumo hakuna tatizo lolote. Postikodi ina tarakimu tano, mbili za mwanzo kwa mkoa wa Mwanza ni 33, ya tatu inaonyesha wilaya, mbili za mwisho zinaonyesha kata. Kwa hiyo Umoja yetu na Umoja yao ni vitu viwili tofauti kabisa kwa kompyuta. Bodaboda hatembei na postikodi. Na ukumbuke jiji hili tangu 2012 lina halmashauri mbili, Nyamagana upande huu na Ilemela upande ule, ila abiria anayetoka Kirumba kwenda Mkolani hajui kwamba amevuka mpaka. Umoja, Amani, Mshikamano, Maendeleo, Muungano: kila kikao kilichokwama kilikimbilia kwenye kapu hilohilo, na kapu lina majina machache.

Lakini Umoja ya majirani ilishika. Hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Jina ni lilelile, mwaka uleule, sababu ileile ya kukwepa ugomvi. Tofauti ni kwamba yao iko bondeni, gari linapita mwanzo hadi mwisho, na duka la vifaa vya ujenzi lililoko kwenye kona lilichukua jina hilo likaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Kila aliyenunua bati alisema ametoka Umoja. Kila aliyebeba sementi alielekezwa Umoja. Kwa hiyo yule kijana wa kijiweni aliyempakia afisa wa mkopo hakubahatisha. Alimpeleka Umoja inayojulikana.

Habari ya mkopo iliposambaa, mwenyekiti aliitisha kikao cha pili, na safari hii mtu akapata akili ya kumwita mwenyekiti wa kijiwe. Alikuja na helmeti mkononi, akasikiliza akilaumiwa, akajibu kwa utulivu: "Wazee wangu, mimi nikisikia Umoja nampeleka mtu Umoja yenye kibao. Yenu haina. Mkiandika hata kwenye jiwe, vijana wangu wataiona kila siku, wataijua." Hakuongeza kitu, akarudi kazini.

Kulikuwa na waliotaka jina lifutwe moja kwa moja na Kwa Mganga irudishwe kwa heshima. Mjukuu wa mganga alikuwa wa kwanza, na kina mama wa bombani, waliokuwepo safari hii, walimuunga mkono kwa wingi. Hoja yao naielewa, na kama kikao cha 2022 kingefanyika upya ningelipigia kura jina hilo bila kusita. Mwaka huu sikuiunga mkono. Nyumba za njia hii zimeshaandikishwa kwa Umoja kwenye mfumo, watoto wameandikishwa shule kwa anwani hiyo, wapo waliojaza fomu za kazi na za benki. Ukibadilisha jina leo, wale waliotii maelekezo ndio watakaohangaika kurekebisha karatasi, na wale waliopuuza wataendelea kama kawaida. Dar es Salaam waliweza kuigeuza Acacia ikawa Independence, kisha ikawa Samora, kwa sababu ilikuwa barabara kuu ambayo kila ofisi ingelazimika kuifuata. Nyumba 40 na kitu za mlimani hazina nguvu ya kuilazimisha ofisi yoyote.

Nilichopendekeza ni kwamba barua ya utambulisho ibebe yote mawili: jina la mfumo kwanza, halafu jina la watu, na alama ya kuanzia safari. Mtendaji alisita, akasema fomu haina sehemu ya maneno hayo. Mwalimu mstaafu akamwonyesha kwamba chini ya anwani kuna mstari mtupu wa maelezo mengine, ambao siku zote umekuwa ukiachwa hivihivi. Mzee wa kanisa tulidhani atapinga. Akauliza tu maneno yataandikwa kwa herufi kubwa au ndogo, akaambiwa ndogo, akakaa.

Kwa hiyo barua ya pili ya fundi cherehani ilisomeka: nyumba namba 17, Njia ya Umoja, na kwenye mstari wa chini, "Kwa Mganga, panda kutoka Kwa Mashine, nyumba ya tatu baada ya bomba." Afisa alirudi, safari hii mwingine, akaisoma barua hiyo kwa sauti pale kijiweni, na kijana alimsindikiza kwa miguu mpaka mlangoni. Mkopo ulitoka kwenye awamu iliyofuata, pungufu kidogo ya alichoomba. Mashine moja imeshanunuliwa. Kwenye jabali la kushoto, usawa wa macho ya mtu aliyekaa kwenye pikipiki, pameandikwa UMOJA kwa rangi iliyobaki kwenye zile namba za nyumba, na chini yake, kwa mkono wa mtu mwingine na chaki ambayo kila ikifutwa na mvua inarudi, KWA MGANGA.

Ombi la kutofautisha Umoja zetu mbili liko kata. Wakati huohuo juu ya bomba pamezaliwa njia nyingine, inakata kulia kuelekea nyumba mpya sita zilizojengwa kwenye mwamba, na bado haina jina kwenye mfumo. Watoto wanaiita Pimbi. Kikao chake kimepangwa Jumapili jioni, na kitafanyika bombani badala ya ofisini. Mwenyekiti wa kijiwe yumo kwenye orodha ya waalikwa, wapangaji wameambiwa nyumba kwa nyumba. Mzee wa ukuta naye ameshaomba nafasi ya kuzungumza.